Hapana Mbili za Baratali

Kwa miaka mingi Baratali amepanga vigae katika mabafu ya Melbourne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwahi kunywa chai ya mteja hata mmoja. Si kwamba hakukaribishwa. Mwenye nyumba humkuta amepiga magoti sakafuni, mwiko mkononi, akamuuliza, "Nikuletee chai?" Baratali huweka mkono kifuani na kujibu, "Hapana, nisikusumbue." Mwenye nyumba husema haya, akaenda zake. Baratali hubaki na koo kavu akisubiri aulizwe tena, maana kwao Jaghori, kule milimani Afghanistan, anayekubali chai kwa swali la kwanza ni mlafi, anayekubali kwa la pili ana haraka zake, na anayekubali kwa la tatu ndiye aliyelelewa. Swali la pili halikuja kamwe. Baada ya mabafu kadhaa alihitimisha kwamba Waaustralia ni watu wema, ila wana uchoyo kidogo katika suala la majani ya chai. Akawasamehe, akanunua chupa yake ya kuhifadhia chai moto, maisha yakaendelea.

Jambo dogo, lakini karibu limrudishe akafie kwao.

Kazi yake ya awali ilikuwa kupeleka lozi sokoni Ghazni pamoja na kaka yake, Ewaz. Kutoka bonde lao kuna barabara moja tu, na barabara hiyo inapita mahali ambapo watu wenye bunduki husimamisha magari na kutazama nyuso. Uso wa Mhazara kama wao, kabila linalowindwa huko, haufichiki. Siku waliyomshusha Ewaz, Baratali alikuwa nyumbani na homa. Lozi zilifika sokoni salama, dereva mwingine alizipeleka. Ewaz hakufika popote. Baratali alimvusha mkewe Shahrbanu na watoto hadi Quetta, ng'ambo ya mpaka, akawaacha huko, akaendelea mwenyewe hadi kwenye mashua, hadi kisiwani, hadi kambini, na mwisho hadi Dandenong, pembezoni mwa Melbourne, kwa Rajab, mtu wa bonde lake, aliyemkabidhi mwiko na kumwambia, "Hapa ndugu yangu utajifunza kuishi kwa magoti."

Aliomba viza ya ulinzi. Ofisi ikakataa. Akaenda baraza la rufaa, ambako mama mmoja mstaarabu alimsikiliza asubuhi nzima, akakataa vilevile. Uamuzi wake ulikuwa na kurasa nyingi, zilizopangwa vizuri, kigae kwa kigae. Ulikubali kwamba Baratali ni Mhazara wa Jaghori. Habari za kaka yake ulizitilia shaka, kwa kuwa alizieleza kwa maneno machache mno. Na hata zikiwa za kweli, ulisema, Jaghori kwenyewe ni shwari, anaweza kurudi akaishi.

"Hapo hawajadanganya," Baratali alimwambia Rajab. "Jaghori ni shwari. Ukiwa Jaghori."

Iliyobaki ilikuwa mahakama. Jumamosi moja Rajab alimpeleka kwa mawakili wa kujitolea, waliokuwa wakikaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu alimjazia maombi, akaandika sababu moja tu, kwamba baraza lilikosea kisheria. Kosa lenyewe hakuliandika kwa sababu hakulijua, na foleni nje ilifika kwenye vitabu vya watoto. Kisha akamgeuzia karatasi asaini.

Rajab aliinama akasoma, akapiga mluzi. "Unaona hapa? Huyu ni wewe. Na huyu hapa chini, unayemshtaki, ni Waziri."

"Waziri gani?"

"Waziri! Wa serikali. Wa nchi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Anajua?"

"Atapelekewa."

Baratali aliweka kalamu chini. Mjomba wake aliwahi kumshtaki kamanda mdogo wa wilaya kwa ajili ya mfereji wa maji, na baada ya wiki walimkuta ndani ya mfereji huohuo. Akauliza, kwa sauti ya chini, polisi huja lini baada ya mtu kusaini. Kijana mwenye ndevu alipotafsiriwa swali hilo alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiria maombi yenyewe.

"Hawaji," akasema. "Waziri anatuma wakili. Mnakaa meza mbili, jaji anakaa katikati."

"Meza zinalingana?"

"Zinalingana."

Baratali alisaini. Walipofika karibu na duka la mikate alishika mkono wa Rajab. "Zinalingana," akarudia, kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari ina mlango.

Mahakama nayo ilimpa jina. Sheria ya huko inakataza majina ya waomba ulinzi kutangazwa, yasije yakafika masikioni mwa wanaowatafuta, kwa hiyo kila mmoja hupewa herufi tatu na namba. Yeye akawa KWQ17. Pale Mtaa wa Thomas, wenye maduka ya nguo na mikate ya kwao, habari haikukaa kimya hata siku moja.

"Salaam, KWQ!" muuza nyama alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. "Namba yako ya gari imeisha muda!"

"Wewe huna hata namba," Baratali alimjibu. "Mimi serikali imenificha. Wewe nani anahangaika kukuficha?"

Alisubiri siku yake kwa muda uliotosha watoto wa Quetta kubadilisha sauti kwenye simu. Mvulana akaanza kuzungumza kama mwanaume. Shahrbanu hakuuliza lini. Aliuliza amekula nini. Yeye alijibu amekula, na wote wawili walijua kinachozungumzwa.

Siku ilipofika, kilikuwa kipupwe cha mwezi wa saba na mvua nyembamba ilianguka mjini. Baratali alivaa koti la harusi la Rajab. Mfukoni aliweka mfuko wa tutu, forosadi zilizokaushwa huko kwao, maana huendi nyumbani kwa mtu mkubwa mikono mitupu. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, ghorofa ya juu kabisa, mbele ya kioo kilichoonyesha mji wote.

Mwanamke aliyevaa suti nyeusi, akivuta sanduku la magurudumu, alisimama mbele yao pamoja na mkalimani, Bi Masuma, mama wa Kihazara ambaye nusu ya Dandenong ilikuwa imepitia kinywani mwake.

"Naitwa Tierney," alisema yule wa suti, na Bi Masuma akatafsiri. "Mimi ni wakili wa Waziri. Nilifikiri huenda huna nakala safi ya nyaraka, nimekuletea hii."

Akaikabidhi kwa mikono miwili, akatabasamu, akaingia ndani. Baratali aliitazama ile nakala kama mtu aliyepewa bunduki na adui na kuombwa aikague.

"Huyu ndiye wakili wa Waziri?"

"Ndiye," Rajab alisema.

"Anampinga nani?"

"Wewe, mjinga wewe."

Karani alitoka mlangoni akaita, "KWQ17!" Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Baratali aligeuka kwa huruma kuona ni nani huyo anayechelewesha shughuli. Rajab akampiga kiwiko cha mbavu. Ndivyo alivyoingia mahakamani, akikimbia, na mfuko wa tutu ukichezacheza.

Meza zililingana. Alizipima kwa jicho la fundi, na tofauti haikufika hata upana wa mstari wa saruji kati ya vigae viwili.

Jaji Hallam alikuwa mzee mwenye miwani iliyokaa karibu na ncha ya pua. Alianza kwa kueleza kazi yake, polepole, akingoja kila sentensi itafsiriwe.

"Siwezi kukupa viza," alisema. "Siwezi kuamua kama unasema kweli. Siwezi kuamua kama ukirudi utauawa. Sheria hainipi mamlaka hayo. Ninachoweza kuuliza ni kimoja: baraza lilipokukatalia, lilifuata sheria? Kama lilifuata, nitakataa maombi yako hata kama moyo wangu hautaki. Kama halikufuata, uamuzi wake unafutwa, hata kama Waziri hataki. Umenielewa?"

Baratali alielewa. Maisha yake yote alikuwa amekutana na wakubwa wanaoweza kila kitu isipokuwa kumsikiliza. Huyu ameketi juu, nyuma yake ngao ya taifa, na anatangaza mbele ya watu mambo asiyoyaweza, moja baada ya jingine, bila aibu. Ilimjia kwamba huenda hiyo ndiyo nguvu yenyewe.

"Una la kusema kuhusu kosa la baraza?"

Mkono ulikwenda kifuani wenyewe. "Hapana, Mheshimiwa. Nimeshakusumbua vya kutosha."

Bi Tierney akasimama. Alisema, kwa sauti isiyo na chuki wala mapenzi, kwamba maombi hayaonyeshi kosa lolote na yanastahili kukataliwa. Rajab, kwenye viti vya nyuma, alifumba macho. Kisha wakili alifungua ukurasa aliokuwa ameuwekea kikaratasi cha njano.

"Hata hivyo, Mheshimiwa, kwa kuwa mwombaji hana wakili, ni wajibu wangu kuionyesha mahakama jambo moja. Kwenye kumbukumbu za baraza, mwombaji aliulizwa angerudije nyumbani. Alijibu kwamba kuna barabara moja tu, na ndiyo aliyoshushwa kaka yake. Uamuzi unasema nyumbani kwake ni shwari. Sijaona mahali popote unapoizungumzia hiyo barabara. Waziri anashikilia kwamba hilo halitoshi kuufuta uamuzi. Lakini mahakama inapaswa kulijua, na iwapo mwombaji atapenda kuliongeza kwenye maombi yake, sitapinga."

Akaketi.

Baratali alimtazama Bi Masuma ahakikishe kwamba maneno hayo kweli yametoka kwenye meza ile na si kwenye hii. Mwanamke yule analipwa kumshinda, ametafuta usiku na mchana upungufu katika hoja zake, akaukuta wa upande wake mwenyewe, na akasimama kuutaja kwa sauti. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyejua. Kama angenyamaza, karatasi ile ya njano ingerudi tu kwenye sanduku la magurudumu.

Jaji alisogeza miwani juu. "Bwana, umesikia. Ungependa kuliongeza suala hilo?"

Sasa, mtu akikupa zawadi ya namna hiyo, mgeni kabisa, tena mwanamke, tena adui yako, utaipokea kwa kuulizwa mara moja kama mbwa anayedaka mfupa?

"Hapana, Mheshimiwa," Baratali alisema, na sauti ilitetemeka kwa shukrani. "Dada huyu amejisumbua sana. Nyumba yake istawi."

Bi Masuma alitafsiri yote, pamoja na nyumba. Kazi yake haikumruhusu kuongeza wala kupunguza. Bi Tierney alitazama kalamu yake.

"Sina hakika tumeelewana," jaji alisema. "Suala hili linaweza kukusaidia. Pengine ndilo pekee linaloweza. Unalitaka?"

Hii ya pili ilimgusa Baratali kuliko ya kwanza. Mzee mwenye malezi, aliwaza. Akaweka mkono kifuani tena, akainamisha kichwa.

"Hapana, Mheshimiwa. Nisiwasumbue."

Kwenye viti vya nyuma Rajab alitoa sauti kama ya puto linalotoboka. Jaji Hallam alitazama saa, akasema mahakama itapumzika kidogo.

Huko ukumbini Rajab alimshika kola ya koti, koti lake mwenyewe, bila kulihurumia.

"Wewe Baratali! Umekula nini leo? Unamfanyia adabu Waziri?"

"Punguza sauti, wapo watu."

"Shahrbanu yuko Quetta anakungoja, wewe unasema nisiwasumbue? Wasumbue! Wamejengewa jengo hili ili wasumbuliwe!"

"Rajab, tulia. Ameuliza mara mbili tu."

"Eh?"

"Mara mbili. Ningekubali ya tatu. Kwani mimi sina akili?"

Rajab alimwachia kola. Akamgeukia Bi Masuma, aliyekuwa amesimama karibu akiutazama ukuta kwa bidii kubwa. "Dada Masuma, kwa Mungu wako, mwambie huyu!"

"Kaka Rajab, mimi hapa sina maneno yangu," alisema, bila kuacha ukuta. "Nina yake na ya jaji. Yangu niliyaacha nyumbani, kwenye friji."

"Basi nisikilize mimi," Rajab alimwambia Baratali, sasa kwa upole wa kutisha. "Hawa watu, hapana ya kwanza ndiyo hapana. Hawaulizi mara tatu. Ukisema hutaki, wanaamini hutaki. Wanaandika, wanafunga, wanaenda kula."

"Mtu hawezi kuishi hivyo."

"Wanaishi. Nani kati ya wateja wako amewahi kukuuliza chai mara ya pili?"

Baratali alianza kuwahesabu. Mabafu yote yalimpita machoni, moja moja. Bibi wa Berwick na vikombe vyake vya maua. Mwalimu wa Noble Park. Hawakuwa wachoyo. Walimwamini. Nchi nzima ilikuwa imemwamini kila alipojikana, ikamwacha na kiu yake kwa heshima.

Kisha akakumbuka baraza. Yule mama mstaarabu, glasi ya maji mezani, na swali lake: "Ungependa kusema zaidi kuhusu kaka yako?" Naye, mkono kifuani: "Hapana, nisikuchoshe." Mama alifungua ukurasa mwingine. Baratali alisubiri swali la pili asubuhi nzima, habari yote ya Ewaz ikiwa tayari nyuma ya meno yake, na halikuja. *Maneno machache mno*, uliandika uamuzi.

Alikaa kwenye benchi.

"Na asipouliza ya tatu?" akasema.

Karani alikuwa tayari mlangoni anaita zile herufi, na safari hii Baratali alisimama kabla hazijaisha.

Jaji aliketi. Hakumtazama Baratali. Alifungua kitabu, akaandika kitu, akafunika kalamu. Bi Tierney akasimama nusu, akaketi. Kimya kilikaa pale kati ya meza mbili zinazolingana, na Baratali alikiona kinavyonyooka kuelekea mlangoni, kwenye uwanja wa ndege, kwenye barabara ya vumbi, kwenye gari linalopunguza mwendo.

Kupokea kwa swali la kwanza ni ulafi. Kuomba kitu bila kuulizwa kabisa, kwao hakuna hata neno lake. Mama yake angefunika uso kwa mtandio.

Akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, na jasho lilimtoka ndani ya koti la watu, "naitaka ile barabara."

Bi Masuma alitafsiri. Inasemekana sauti yake ilipasuka kidogo, lakini yeye mpaka leo anakana.

Jaji Hallam alivua miwani kabisa. "Vizuri," alisema. "Nilikuwa nakaribia kukuuliza tena."

Baratali alimtazama mzee yule. Kumbe yuko mmoja.

Hukumu ilikuja majira ya maua. Ilisomwa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji. Baraza, alisema jaji, lilimweka mwombaji nyumbani kwake bila kusema atafikaje, kana kwamba angeshuka kutoka angani. Lilikuwa na wajibu wa kulipima suala la barabara na halikulipima. Kwa hiyo uamuzi wake umefutwa, na shauri lirudi likasikilizwe upya na mtu mwingine. Bi Tierney, aliyekuwa ameshindwa kwa mkono wake mwenyewe, alikuja kumpongeza. Baratali akamtolea tutu kavu za kwao, zile zile, hazijaguswa.

"Asante, hapana, siruhusiwi," alisema.

Akamkaribisha mara ya pili. Hapana. Akamkaribisha mara ya tatu, akiamini. Hapana, kwa tabasamu lilelile. Ilikuwa kweli basi. Aliurudisha mfuko mfukoni taratibu, kama mtu aliyeshuhudia kitu ambacho vitabu vilimwambia kipo naye hakuamini.

"Kwa hiyo tumeshinda nini?" Rajab aliuliza kwenye lifti.

"Tumeshinda kurudi tulikotoka," Baratali alisema. "Kwenye baraza. Kuulizwa tena."

Wakajiandaa. Kila jioni Sediqa, mke wa Rajab, alisimama mlangoni mwa jiko na sinia.

"Shemeji, chai?"

"Hap—"

"Shemeji!"

"Ndiyo," Baratali alisema, na masikio yalimwaka kwa aibu. Watoto wa nyumba walicheka mpaka wakalala chini. Kufikia wiki ya pili alikuwa akikubali mantu, vibunda vya unga vilivyojazwa nyama, kwa swali la kwanza, na kuongezewa kwa swali la kwanza. Rajab alianza kulalamika kwamba viza hii itamfilisi.

Mjumbe mpya wa baraza alikuwa mwanaume kijana mwenye mafua. Alifika kwenye swali mapema, bila kuinua macho: "Ungependa kusema zaidi kuhusu kaka yako?"

"Ndiyo," Baratali alisema.

Akaanza na lozi, na jinsi Ewaz alivyozoea kuzifunga magunia kwa fundo lake la kipekee. Akaendelea. Mjumbe aliacha kupenga kamasi. Kalamu ilisimama, ikaanza tena, ikasimama. Walipita wakati wa chakula cha mchana na hakuna aliyekitaja.

Viza ilitoka. Shahrbanu alikuja na watoto, na mvulana alikuwa mrefu kuliko baba yake. Baratali siku hizi anakunywa chai Berwick, anakunywa Noble Park, na hata akiwa kazini amepiga magoti anaheshimika kama mtu anayejua kukaribishwa.

Limebaki moja. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Jaghori alikuwa na siku yake mahakamani, na Baratali alikwenda kumsindikiza, akakaa nyuma na mfuko wa tutu mapajani. Jaji alikuwa mwingine. Kijana alikuwa na wakili, na wakili huyo alisimama akasema kwamba baraza limemweka mteja wake nyumbani bila kusema atafikaje. Jaji akauliza msingi wa hoja hiyo ni upi.

"Ule uliowekwa, Mheshimiwa," wakili alisema, "katika shauri la KWQ17."

Nyuma kabisa, fundi vigae alisimama.

Jaji alimwona, akainua nyusi. "Bwana, kuna tatizo?"

"Hapana, Mheshimiwa," Baratali alisema, mkono kifuani, na safari hii ilikuwa hapana ya kweli. Lakini hakuketi haraka.